Moto wa Nyumba ya Mawe ya Kawila

Nimestaafu, hii ni wiki ya tatu, na tayari nimechoka kupumzika. Siku ile ya soda na keki ninyi vijana mlioshika nafasi zetu mliniomba niwaandikie mambo mawili matatu kuhusu kazi ya kupangisha nyumba ya mapumziko. Mawili matatu hayatoshi. Nimekaa na ile nyumba miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu, na kama kuna mtu mkoani Rukwa anayeijua kazi hii kuliko mimi, basi bado hajajitokeza.

Vyeo nitaviacha. Nilivipata, na nilistahili kila kimoja. Anayetaka orodha aende masijala. Mshahara nao nitauacha, maana haukuwa mkubwa kiasi cha kujaza aya. Nitasema habari za kiangazi cha kwanza tu, kwa sababu nyumba ile ilikaribia kuvunjwa mikononi mwangu, mimi msomi, na ningependa msirudie kosa langu. Makosa mengine mtafute ya kwenu.

Mimi ni mtoto wa Izia, pale Sumbawanga, enzi zile Izia ilipokuwa mahindi zaidi ya nyumba. Baba alilima, mama alilima, nami nikaona kulima kuna watu wa kutosha. Nilikwenda Mbeya nikaosha vyombo hotelini. Kutoka kuosha vyombo nikaingia jikoni, kutoka jikoni nikavaa koti jeupe la kuhudumia meza, na usomaji wote niliufanya mwenyewe, pembeni ya gunia la viazi. Tangazo la masomo ya Bulgaria lilipotoka gazetini, waliomba wenye wajomba wakubwa, nami nikaomba bila mjomba. Nikachukuliwa mimi. Miaka mitatu kando ya Bahari Nyeusi nilijifunza kutandika kitanda hadi shuka ikanyooka kama ubao, kusoma uso wa mgeni kabla hajafungua mdomo, na kuendesha nyumba ya wapangaji wa likizo kuanzia ufunguo hadi dohani. Nilirudi na stashahada yenye muhuri mwekundu, koti zito, na viatu vya ngozi ambavyo Sumbawanga nzima hakuna aliyekuwa navyo. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu wakihamia vijijini, na kila msomi akiulizwa ataisaidia nini nchi. Ofisini mjini afisa mmoja aliiangalia stashahada yangu kwa muda mrefu, nadhani kwa sababu ilikuwa ya Kibulgaria. Kisha akasema, "Ndugu Lazaro, bahati yako. Tunayo hoteli kando ya mto."

Haikuwa hoteli. Ilikuwa nyumba moja.

Nilipelekwa Kawila juu ya lori la mbolea. Unafuata barabara ya Chala, halafu unashuka kushoto mahali ambapo upepo unakugeuza uso, na huko bondeni kuna mto Luwila, mwembamba lakini haukauki. Kijiji kipo ng'ambo moja. Nyumba ya mawe ipo ng'ambo ya pili, peke yake, na kati yao kuna daraja la magogo. Nyumba ilijengwa na Wajerumani kabla ya vita ya kwanza, kuta zake zina unene wa mkono mzima kutoka begani hadi kwenye vidole, nilipima. Baadaye ilikaliwa na mapadre waliokuja kupumzika, kisha ikakaliwa na popo. Ilikuwa na vyumba vinne, baraza lililotazama mto, na sebule yenye meko ya ukutani makubwa kiasi kwamba mbuzi angeweza kulala ndani. Mbuzi alikuwa amelala ndani.

Barazani alisimama mwanamke wa makamo, kitenge kimekazwa, funguo kiunoni. Huyu alikuwa Mama Adelina. Aliwahi kuwapikia mapadre, na tangu waondoke alizitunza zile funguo bila mtu kumwambia azitunze. Yeye ndiye mwalimu wangu, ingawa siku ile ningechekeshwa na wazo hilo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye meneja?"

"Ndiye mimi. Nina stashahada ya uendeshaji wa nyumba za mapumziko."

Akanitazama viatu. "Hiyo stashahada inajua kufukuza popo?"

Kuanzia hapo akaniita Bwana Diploma, na kijiji kizima kikafuata. Sikukasirika. Jina lilikuwa sahihi.

Jioni ya siku hiyohiyo mwenyekiti wa kijiji, Mzee Modesti, alivuka daraja kuja kunieleza hali. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, na upole ule ulikuwa unatisha. Alisema kijiji kinahitaji ghala la mahindi. Msingi wa ghala unahitaji mawe. Mawe yaliyochongwa tayari yapo hapa, akapigapiga ukuta kama mtu anayepima ng'ombe mnadani.

"Wilaya wanasema nyumba hii itapangishwa kwa wafanyakazi wa likizo. Haya. Lakini Ndugu Meneja, huko Ulaya walikufundisha nani atalipa aje kulala kijijini? Sisi tunalala kijijini bure."

"Watakuja, mzee."

"Wakija kiangazi hiki, nyumba inabaki. Wasipokuja, mvua hazitaikuta."

Hilo ndilo lililokuwa mezani: nyumba, kazi yangu, na jina langu. Kama ingevunjwa, ningerudi Izia na muhuri wangu mwekundu nikamweleze baba kwamba nilisomea miaka mitatu jambo ambalo halipo.

Nikafanya kazi. Hapa vijana msikilize, maana nawaona siku hizi mnaanza na rangi ya ukuta. Usianze na rangi. Anza na dohani. Mama Adelina alinifundisha kuizibua: unafunga kichaka cha matawi makavu katikati ya kamba ndefu, mmoja anapanda juu ya paa, mmoja anakaa chini, mnavutana kama watu wanaogombea ng'ombe. Mimi nilikuwa chini. Masizi ya mapadre wa miaka yote yalinishukia juu ya shati la Bulgaria, na Mama Adelina akacheka huko juu hadi nikaogopa ataanguka.

Baada ya dohani ni blanketi. Ufipa mwezi wa Juni si mahali pa kuweka blanketi moja kitandani na kusema karibu. Weka tatu, zianikwe juani kila siku, maana nyumba ya mawe hunywa unyevu wa mto na kuugawa vitandani. Kisha madirisha: usiyaache wazi baada ya saa kumi jioni. Kisha taa: karabai moja sebuleni, vibatari vyumbani, na utambi ukatwe kila asubuhi. Maji yaletwe kwa debe kutoka juu ya daraja, si chini yake wanakofulia. Chokaa ndiyo ya mwisho. Tulipopaka chokaa, nyumba ikaonekana kutoka njia panda ya Chala, na mimi nilikwenda hadi njia panda kwa miguu ili niione.

Kisha nikaandika masharti. Haya niliyaandika peke yangu, kwa herufi kubwa, kwenye ubao niliousimamisha pale daraja linapoishia upande wetu: WAGENI WASISUMBULIWE. MARUFUKU KUINGIA BILA KIBALI CHA MENEJA. Bulgaria walitufundisha kwamba mtu wa likizo anataka kitu kimoja tu, kuachwa. Somo hilo nilipata alama za juu kuliko wote darasani.

Mama Adelina aliusoma ubao pole pole.

"Na moto?" akauliza.

"Moto gani?"

"Wa nyumba. Nyumba hii haijawashwa tangu mapadre. Utauchukua kwa nani?"

Nilidhani ananitania. Nikatoa mfukoni kiberiti, nikakitikisa mbele ya uso wake. "Kwa huyu hapa."

Alikitazama kile kiberiti. "Haya, Bwana Diploma. Nyumba ni yako."

Ningekuwa na masikio ningeisikia ile haya. Lakini mtu aliyerudi kutoka Ulaya masikio yake hufika baadaye, kwa meli.

Wapangaji wa kwanza walikuwa Bwana Ambakisye na mkewe, Mama Tusa. Bwana Ambakisye alikuwa mtu wa Mbeya, afisa wa ardhi mjini Sumbawanga. Mkewe aliuza vitenge mtaa wa Majengo na alijuana na kila mtumishi aliyehamia kutoka Mbeya, na hawakuwa wachache. Niliwafuata mwenyewe dukani, nikawaeleza habari za mto, hewa na meko, mpaka Mama Tusa akasema, "Huyu baba angeweza kuniuzia vitenge vyangu mwenyewe." Wakapanga wiki mbili, pamoja na binti zao wawili. Nilijua vizuri: hawa wakirudi wanafurahi, Majengo yote itakuja. Wakirudi wamenuna, hakuna mtu mwingine atakayekuja.

Walifika Jumatatu. Niliwasha meko kwa kiberiti, kaa likashika, dohani ikavuta kama imezaliwa upya. Bwana Ambakisye alinyoosha viganja motoni. "Sisi wa Mbeya tunaijua baridi," akasema, "lakini hii yenu ina makusudi." Tukacheka. Niliwapa chai, nikafunga mlango taratibu, nikawaacha. Nikaenda kulala nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote kwenye uwanda wa Ufipa.

Jumanne hakuna aliyekuja. Vizuri, nikasema, amri inafuatwa. Jumatano Mama Tusa alivuka daraja kununua maziwa. Akaambiwa ng'ombe wamekwenda malishoni. Akauliza mayai. Kuku nao, inaonekana, walikuwa wamekwenda malishoni. Bwana Ambakisye alitembea kijijini na fimbo yake, akisalimu kwa heshima. Watu walimwitikia kwa heshima, kisha kila mmoja akakumbuka ana kazi mahali pengine. Binti zake walisimama kando ya mto wakiwatazama watoto wa upande wa pili wakicheza, na wale watoto wakahamia mbali zaidi. Hakuna tusi, hakuna jicho baya. Mfipa akitaka kukuacha peke yako hukuacha kwa adabu kabisa, na adabu hiyo ni baridi kuliko Juni.

Alhamisi asubuhi nilipoleta maji ya kuoga, nilikuta masanduku barazani, yamefungwa.

"Ndugu Meneja," alisema Bwana Ambakisye, "kaa hapa. Niambie ukweli kama mwanaume. Nyumba hii ina nini?"

"Ina vyumba vinne na..."

"Sijauliza vyumba!" Mama Tusa akatokea mlangoni. "Kuna mtu alifia humu? Kwa nini watu wanatutazama kama sisi ni jeneza?"

"Mama, hakuna aliyekufa. Nimewakataza kuwasumbua ili mpumzike."

Mama Tusa alinitazama, akamgeukia mumewe, akarudi kwangu. "Kutusumbua? Baba, mimi nimetoka Majengo nikidhani nitakaa na watu. Kukaa na kuta ningekaa hata kwangu, ningezima redio tu."

"Kwetu," alisema mumewe taratibu, "mgeni asipotembelewa siku tatu, anaelewa. Lori la mahindi linapita saa nane. Tutapanda."

Niliingia jikoni nyuma ya nyumba. Mama Adelina alikuwa anachambua maharage.

"Wanaondoka," nikasema.

"Nimesikia. Mama yule ana sauti nzuri, angefaa kwaya."

"Mama, nimekosea wapi? Kila kitu nimefanya kama nilivyofundishwa. Blanketi tatu. Karabai. Nimewalinda wasisumbuliwe."

Aliweka ungo chini. Ndipo akanieleza, bila kunicheka, na ile kutocheka ndiyo iliyoniumiza. Pale Kawila nyumba iliyokaa bila moto haiwashwi kwa kiberiti. Mwenye nyumba anakwenda kwa miguu yake mwenyewe kwa jirani, anabisha hodi, anaomba kaa, analibeba kwenye gae la chungu hadi kwake. Aliyekupa moto ana ruhusa ya kuingia kwako, na wa kwake wote wana ruhusa. Jumatatu ile kijiji kizima kiliona moshi ukitoka kwenye dohani, na kila mtu alimwuliza mwenzake: wamechukua moto kwa nani? Wakaulizana nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyetoa. Basi wakaelewa kwamba nyumba ya mawe imesema haina haja ya majirani, na kama hawakuelewa, kulikuwa na ubao.

"Sasa Jumapili baada ya misa kuna mkutano," akamalizia. "Wanazungumzia ghala. Nyumba isiyo na jirani, mawe yake ni mawe tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza utachukua kwa nani. Ukanionyesha kiberiti." Akaanza tena kuchambua maharage. "Huko Bulgaria mlikuwa hamna majirani, mwanangu?"

Nikamkumbuka bibi yangu, mama yake baba, akivuka shamba pale Izia asubuhi ya baridi na gae mkononi, moshi mwembamba ukimfuata kama mbwa. Nilikuwa nimeliona jambo lile mara nyingi. Nilikuwa nimelisahau, na nafasi yake nikaweka somo la alama za juu.

"Nipe gae," nikasema.

"Gae la kwanza haliletwi. Linatolewa huko huko."

Nilikwenda kwanza kung'oa ubao. Kisha nikamwomba Bwana Ambakisye anisubiri hadi saa saba. Alisema lori ni saa nane, hata asiposubiri yupo tu. Nikavuka daraja na tai yangu shingoni, maana nilikuwa sijapata muda wa kufikiria kuivua.

Mzee Modesti alikuwa amekaa mlangoni kwake na bakuli la uji wa ulezi.

"Hodi mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Subiri nimalize uji."

Nikasubiri. Sijawahi kumwona mtu akinywa uji pole pole namna ile. Alipuliza, akanywa, akapumzika, akatazama mawingu ambayo hayakuwapo. Mkewe alipita mara mbili, mara zote mbili akinitazama viatu. Bakuli lilipoisha, akalifuta kwa kidole.

"Umekuja kwa ajili ya mkutano wa Jumapili?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kuomba moto."

Kuku walikuwa wamerudi kutoka malishoni, nikawasikia.

"Kiberiti kimeisha?"

"Hakijaisha."

Akainuka, akaingia ndani. Alitoka na gae lililopinda, jeusi kwa kazi ya miaka, na juu ya majivu yake kaa moja jekundu. Hakunipa hapo hapo.

"Likizimika njiani, rudi. Aibu ni ya njiani, si ya mlangoni kwangu."

Ndugu zangu vijana, nimebeba sinia la glasi kumi na mbili kwenye ngazi za hoteli ya ghorofa nane, sikumwaga tone. Lakini kaa lile, katikati ya daraja la magogo, upepo wa Luwila ukija kutoka kushoto, lilinishinda. Lilikuwa jekundu, likawa la kahawia, likaanza kuwa jeusi pembeni. Nikasimama, nikainama, nikapuliza. Majivu yakanirukia machoni. Chini mtoni wanawake walikuwa wanafua, wakaacha kufua.

"Bwana Diploma!" mmoja akapaza sauti. "Babu zetu walifua chuma kwa mivukuto, wewe kaa moja linakushinda?"

"Mwache," akadakia mwingine, "pumzi yake ni ya Ulaya, haijazoea ulezi!"

"Vua tai, baba, inakunyonga!"

Nikavua tai. Wakashangilia kama timu imefunga. Na mimi, ambaye siku tatu sikusikia neno kutoka kijiji kile, nilikuwa nataniwa na wanawake watano kwa mpigo, na sijawahi kusikia kitu kitamu namna hiyo. Yule wa kwanza, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Filomena, alipanda ukingo, akachomoa gunzi kavu kwenye kikapu chake, akalivunja vipande, akavipanga kuzunguka kaa. "Sasa puliza. Pole pole. Si unazima mshumaa." Mwingine akatanua kitenge kibichi kuukinga upepo. Kaa likafumbua jicho.

Tukaingia nyumba ya mawe watu sita. Meko niliyokuwa nimewasha kwa kiberiti yalikuwa bado na joto. Mama Adelina aliyazoa makaa yale yote akayamwagia maji nje. Nikaweka kaa la Mzee Modesti mahali pao, juu ya magunzi ya Filomena. Moshi ukapanda.

Kabla ya saa saba walianza kuvuka. Mwenyekiti alikuja wa kwanza, maana moto ulikuwa wake, akiwa na kuku chini ya kwapa. Akafuata mke wake na unga wa ulezi, akafuata mzee mmoja na mzigo wa kuni, maziwa, mayai, maharage, na mwanamke mmoja ambaye hakuwa na kitu akaleta kaka yake anayepiga ngoma. Watoto waliwachukua binti za Bwana Ambakisye, na hadi jioni tulizisikia sauti zao tu. Bwana Ambakisye alisimama katikati ya sebule akipeana mikono, akisema ndaga, ndaga, kwa lugha ya kwao, na watu wakaitikia kwa Kifipa, na kila upande ukaelewa kwamba umeshukuriwa.

Lori la mahindi lilipiga honi njia panda saa nane. Mama Tusa alikuwa anasonga ugali na Mama Adelina.

"Tusa, baba yako yuko wapi? Lori hilo."

"Anacheza bao," binti akajibu kwa mbali.

"Basi liende," akasema Mama Tusa, na akaongeza unga.

Jumapili baada ya misa mkutano ulikaa kama ulivyopangwa. Niliandaa hotuba ya kurasa nne, nzuri sana, bado ninayo. Sikuisoma. Mzee Modesti alisimama akasema ghala linahitaji mawe, hilo halijabadilika, ila kuna nyumba moja ng'ambo ina moto wa kwake, na yeye hana desturi ya kubomoa mahali moto wake unapolala. Kama kuna mwenye desturi hiyo, aseme. Hakuna aliyesema. Ndipo Bwana Ambakisye akanyoosha mkono, akaomba ruhusa kama mgeni. Alisema yeye kazi yake ni ardhi, na katika kutembea na fimbo yake siku tatu bila mtu wa kuzungumza naye alikuwa na nafasi ya kutosha kutazama. Juu kidogo ya mto kuna mwamba unaopasuka kwa tabaka, mawe yake ni bora kuliko haya ya Wajerumani. Likizo yake iliyobaki aliitumia kupima msingi wa ghala. Mama Tusa alilalamika kwamba mumewe hajapumzika, lakini alilalamika huku anacheka, na kwenye kazi yetu hayo ndiyo malalamiko mazuri kupita yote.

Majengo ikaja, kama nilivyosema. Walimu, makarani, wauguzi, wafanyabiashara. Waliokuja kwa fungate, waliokuja kugombana mbali na wakwe. Ghala nalo lipo mpaka leo. Kila baada ya masika, nyumba ikishakaa bila mpangaji, nilivuka daraja mwenyewe na kuomba moto, nyumba tofauti kila mwaka, hadi hapakubaki mlango Kawila usio na ruhusa kwetu. Masharti mapya niliyaandika kwenye ubao uleule, upande wa pili: MGENI HUPEWA FUNGUO, KUNI, NA MAJIRANI. Mkaguzi mmoja kutoka wilayani aliniuliza sharti hilo limo katika kitabu gani. Nikamwonyesha stashahada. Hakusoma Kibulgaria, akaridhika.

Mama Adelina alistaafu kabla yangu bila kuwa ameajiriwa rasmi hata siku moja, jambo ambalo nililipigania na kushindwa, na ni katika machache niliyoshindwa. Siku anaondoka alinirudishia funguo, akasema, "Umejitahidi, Bwana Diploma." Nina vyeti vingi vya utumishi bora. Hicho ndicho ninachokisoma.

Sasa nimemkabidhi binti mmoja mwenye shahada, ambayo najua ni kubwa kuliko stashahada, hakuna haja ya kunikumbusha. Ananisalimu shikamoo vizuri, wenzake anawasalimu mambo, poa. Siku ya makabidhiano nilishusha stashahada yangu ukutani nikaondoka nayo. Kwenye msumari wa chini yake palining'inia gae lililopinda, jeusi. Hilo nililiacha. Aliliangalia, akaniangalia, nami sikumwambia neno, maana niliwahi kuulizwa swali nikatikisa kiberiti, na somo lile halisomeki kwa niaba ya mtu.

Nimejenga upande wa kijiji, mlango unatazama daraja. Masika yamekwisha wiki iliyopita, na nyumba ya mawe ilikuwa haina mpangaji tangu Machi. Jana asubuhi nilikuwa mlangoni na bakuli langu la uji wa ulezi nilipomwona anavuka, kichwa kikiinamia upepo, gae limeshikwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Kumbe alikwenda kumwuliza Filomena gae lile ni la nini.

"Hodi, mzee. Shikamoo. Nimekuja kuomba moto."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Subiri nimalize uji."